Serahangi Lam na Mgomo wa Meli ya Mabomba

Ukipanda melini, wewe kijana unayeanza kazi ya wakala, usikimbilie kwa kapteni. Pita jikoni kwanza. Simama mlangoni, msalimie mpishi, muulize leo anapika nini. Akikujibu huku anakuonjesha mchuzi, meli hiyo ina amani. Akikujibu bila kugeuka, kuna jambo, na bora ulijue kabla hujakaa mbele ya kapteni ukaambiwa kila kitu ni sawasawa. Makapteni wote husema kila kitu ni sawasawa. Ndiyo kazi yao.

Hili sikulibuni mimi. Alinifundisha Ami Salim, mtu wa Sur, ukoo wa mabaharia kwa baba na kwa mama, aliyeokota Kiswahili Unguja ujanani na hakukiacha mpaka anaingia kaburini. Mimi nimezaliwa Unguja, Malindi, na asili yetu ni Ibra. Nilikuja Oman kijana, nikapata kazi katika afisi ya wakala wa meli pale Sur, nikazeekea humo. Sasa nimestaafu, na kila nikikutana na nyinyi vijana wetu mnaoingia kazi za bandari, mnaniuliza swali lile lile: "Ami Nassor, khasa wakala wa meli anafanya nini?"

Wakala si mwenye meli wala si muuza meli, ingawa bibi mmoja jirani yetu Ibra alikuwa akiniombea dua kila Ijumaa niuze moja tu nipumzike. Wakala ni mwenyeji. Meli ni mgeni aliyefika hajui mlango wa choo uko wapi. Wewe ndiye unayemtafutia maji, mboga, daktari, vibali vya watu wake kushuka nchi kavu, na fundi wa pampu iliyokufa. Na wewe ndiye tarishi wao. Teleksi za mabaharia, zile habari zilizotufikia kwa waya na kujichapa karatasini, zilipitia mezani kwetu, na teleksi haina bahasha, kwa hiyo msidanganyane kwamba hatukuwa tukizisoma. Tulizisoma. Lakini tulizifikisha, na sura zetu tulizifundisha kuonesha kwamba hatukuzisoma. Hilo nalo ni fani.

Siku yangu ya kwanza nilipanda ngazi ya kamba nimevaa dishdasha, kanzu ya huku. Upepo uliponiingia chini nilikuwa nusu ya njia, mkono mmoja umeshika kamba, wa pili umeshika heshima. Ami Salim alikuwa kwenye boti chini yangu.

"Achia nguo, yakhe!" akanipigia kelele. "Heshima itarudi! Meno hayarudi!"

Nikaachia nguo. Tangu siku hiyo nilikuwa na suruali moja kwenye gari, na ninakushaurini muwe nayo.

Sasa nataka kukuelezeni habari ya mgomo, kwa sababu ni jambo ambalo hamtafundishwa skuli, na siku litakapokufikeni mtaulizwa na watu wa pande zote mko upande gani.

Mabaharia wana vyama vyao. Chama cha mabaharia ni kama jamaa wa ukoo walioapa kusimama pamoja: mmoja akidhulumiwa, wote huacha kazi. Nguvu yake ni hiyo tu, kwamba wote huacha. Akiwapo mmoja anayefanya kazi, nguvu imevuja. Kwa hiyo chama humbana mwenye meli kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huwabana watu wake wenyewe, na mkono huu wa pili ndio watu wasiousema sana. Nilikuwa sijaujua mpaka ilipokuja meli ya mabomba.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kiwanda cha gesi kilikuwa kikijengwa upande wa Qalhat, na vifaa vyake vilishushwa kwenye gati la muda. Hong Kong ilikuwa bado mkononi mwa Mwingereza, imebaki kidogo tu irejee kwa Wachina, na mabaharia wa meli ile wote walikuwa watu wa huko. Kapteni alikuwa Mzungu mmoja mrefu, mwenye adabu, aliyekuwa akinyoa ndevu mara mbili kwa siku. Meli ilifunga gatini, na kabla ya bomba la kwanza kushuka, mota ya winchi ikaungua. Winchi ni mashine ya kunyanyulia mizigo kutoka tumboni mwa meli, na ile ilikuwa kuukuu, ina matatizo yake na hasira zake. Mtu mmoja tu melini alikuwa akiielewa: fundi umeme wao, kijana aitwaye Keung.

Basi tukaipakia mota kwenye pikapu, mimi na Keung, tukaenda nayo Firq, kule Nizwa kwenye magereji. Kumbuka hili: Sur ilikuwa na mafundi wa injini za boti, wazuri kabisa, lakini mota ya kusuka upya waya ulikuwa ukiipeleka Firq. Fundi wa huko alikuwa Mpakistani, Keung hajui Kiurdu na Mpakistani hajui Kichina, wakaelewana kwa vidole na kwa kutikisa vichwa, na waliponitazama mimi niliyekuwa najua lugha nne, walinitazama kama watu wanaomtazama mbuzi aliyeingia dukani.

Tulipokuwa tukirudi nilipita Ibra nyumbani kwa mama. Mkiwa na mgeni wa kigeni, mwelezeni mapema habari ya kahawa. Mimi nilisahau. Kijana hakujua kwamba ukishatosheka unatikisa kikombe, na nduguye mama aliyekuwa anamimina hakujua kwamba hajui. Kila kikombe kilipokwisha, kilijazwa. Keung akanywa, akanywa, macho yakamtoka.

"Maskini mtoto wa watu," mama akasema, "ana kiu kama ametoka jangwani. Mwongeze."

Nilipogundua nikamshika mkono, nikamtikisia mwenyewe. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akamuuliza, mimi nikitarjumu, kama ana wazazi. Keung akasema mama hana. Baba yuko, lakini mapafu yake yameharibika, na barua ya mwisho ya dada yake imesema baba hainuki tena kitandani.

"Basi mwambie aende akamwone," mama akasema.

"Mama, yuko kazini. Meli ndiyo inayomchukua."

"Mimi sikukuambia uniambie habari za meli. Mwambie aende akamwone."

Nikamwambia. Keung akaitikia kwa kichwa.

Kiini cha mgomo wao kilikuwa hicho hicho, kwenda kwao. Mikataba yao ilikuwa imekwisha zamani. Desturi ni kwamba mkataba ukiisha, kampuni humleta mtu wa badala, na wewe hupandishwa ndege kwenda kwenu. Wao kila bandari waliambiwa, bandari ijayo. Mota ilipokwisha kufungwa mahali pake na winchi ikaanza kunguruma, ikafika teleksi kutoka chama chao Hong Kong. Niliipeleka mimi. Ilisema wasiguse mzigo hata bomba moja mpaka kila mtu awe na tikiti yake mkononi. Wote, au hakuna.

Aliyeipokea ni serahangi. Hili neno mnalisahau, vijana: serahangi ni mkubwa wa mabaharia wa sitahani, mtu aliye chini ya maafisa kwa cheo na wa kwanza kwa kusikilizwa. Jina lake Lam. Alikuwa mzee mwembamba, ana kipara, na kifua chake kilikuwa kipana kuliko mwili wake ulivyostahili. Aliisoma, akawaita watu, akawasomea, na wote wakavua glavu zao wakaziweka chini kwa mstari. Hakukuwa na kelele. Nilikuwa nikidhani mgomo una kelele.

Kelele nilizikuta afisini. Mudiri wetu, mkuu wa afisi, alikuwa Bwana Said, mtu mwema, aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake cha bara kilikuwa kikimpanda kichwani kila alipofadhaika.

"Nassor, mimi nina presha, bwana! Kontrakta wa kiwanda ananipigia simu asubuhi, ananipigia mchana, sasa amenipigia niko msikitini! Hawa watu wanataka nini?"

"Wanataka kwenda kwao."

"Si waende! Nani kawakamata? Washushe mabomba, waende!"

"Wanasema tikiti kwanza, ndiyo washushe."

Akanitazama. "Wewe uko upande wao?"

"Mimi nimeleta teleksi tu, Bwana Said."

Nilikuwa nikienda pale gatini kila siku, maana mgomo au si mgomo, watu wanakula na maji yanakwisha. Na kila nilipokwenda nilikaa kidogo na serahangi Lam juu ya kamba zilizokunjwa, tukizungumza Kiingereza chetu cha bandarini, chake kibovu upande mmoja na changu kibovu upande wa pili. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaitii teleksi ya watu walio mbali namna ile.

Akaniambia habari za baba yake. Baba yake alikuwa mchochea moto kwenye meli za Waingereza, zamani, Lam hajazaliwa. Wakati huo baharia wa Hong Kong hakuwa na mlango wa kupitia kuingia melini ila kwa dalali mwenye nyumba ya kulala, na dalali akila sehemu ya jasho lake maisha. Mabaharia wakaunda chama, wakaomba, wakapuuzwa. Wakashuka melini. Meli zikajaa bandarini hazina watu, na mabaharia wakavuka mpaka wa Uchina kwenda Canton, wengine kwa miguu. Serikali ya Mwingereza ikakipiga marufuku chama, ikatuma polisi kuja kubandua kibao chake mlangoni. Mambo yalipomshinda Mwingereza, aliingia katika suluhu, na mojawapo ya masharti lilikuwa kibao kirudishwe pale pale kilipotolewa. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu waliosimama barabarani kukitazama kikipigiliwa.

"Kibao cha mbao tu?" nikamuuliza.

"Cha mbao tu," akasema, akacheka. "Baba alikizungumza mpaka anakufa. Mama akawa anamwambia, ulinioa mimi au kibao?"

Kisha akanieleza sehemu ya pili, hakuna kicheko. Baba yake alikuwa na mdogo wake. Katika mgomo ule huyo mdogo alikuwa na watoto na hana chakula, akaingia kwa siri kwenye meli moja akafanya kazi. Watu wa chama waliokuwa wakilinda gati wakamwona. Waliliita jina lake kwa sauti kila alipopita. Baada ya mgomo hakupata meli, hakupata nyumba ya kulala, na kijijini kwao hata kinyozi alikataa kumnyoa. Waliomgeuzia mgongo hawakuwa wageni. Kaka yake, baba wa Lam, aliishi nyumba ya pili na hakusema naye mpaka siku alipomzika.

"Baba yako alifanya sawa?" nikamuuliza.

"Mgomo ulishinda," akasema.

Nilikuelezeni kwamba kapteni alikuwa na adabu. Hakumfokea mtu. Alimwita Keung peke yake, akamwambia: wewe endesha winchi tu, watu wa nchi kavu watafanya mengine, na bomba la mwisho likishuka, wakala atakupeleka uwanja wa ndege. Mambo haya kapteni aliniambia mwenyewe, ili niwe tayari na gari. Na Keung alikubali. Alimjibu siku hiyo hiyo.

Meli ni kijiji kidogo, na ukuta wa chuma unapitisha maneno kuliko ukuta wa udongo. Jioni ile wote walikuwa wamejua. Nilipopita jikoni asubuhi nilimkuta mpishi ameliweka bakuli la Keung nje ya mlango, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuna aliyemtukana. Alipoingia chumba cha kulia, watu walinyamaza, na alipotoka wakaendelea. Alikuwa akila nyuma ya meli, amesimama.

Kijana mmoja baharia, Wai, mwenye ulimi mkali, alikuwa akimwimbia jina lake kila anapopita: "Keu-u-ung!" Basi, hivyo tu. Ukiwa mgeni utadhani wanaitana kwa mapenzi. Nilimtazama serahangi Lam. Alikuwa akitazama bahari.

Kapteni alipanga kazi ianze siku ya tatu ya Idi ya kuchinja, makuli wa nchi kavu watakapokuwa wamerudi. Kwa hiyo Keung alikuwa na Idi nzima ya kuwaza. Akikaa na wenzake, baba yake atakufa hajamwona. Akigusa winchi, atamwona baba yake, na hatapanda meli tena, wala hatakuwa na mtu wa kunywa naye chai Hong Kong nzima. Ndivyo ilivyokuwa, na hakukuwa na njia ya tatu.

Mimi siku ya pili ya Idi nilikuwa Ibra na jamaa. Nyote mnaijua shuwa, lakini mnaila tu, hamjui kuifukia. Nyama inapakwa bizari, inafungwa majani na magunia, inashushwa katika shimo la moto, na shimo linazibwa mpaka lisipumue. Tulipofukua, mama akapakua sinia moja kubwa na wali, akalifunika.

"Hili ni la Sur."

"Sur kwa nani, mama?"

"Kwa yule mtoto asiyejua kutikisa kikombe, na wenzake. Wako mlangoni kwetu, Idi, hawana kwao. Utakula wewe na wao wanakutazama?"

Bwana Said, nilipompigia simu, alikaribia kupoteza sauti. "Unawapelekea shuwa watu waliogoma? Nassor! Watagoma mpaka Idi ya mwakani!"

Lakini hakunikataza. Mtu wa huku hawezi kukataza sinia lililokwisha kutoka nyumbani.

Nilifika gatini mchana, sinia nimelibeba mwenyewe, nikaliweka sitahani juu ya turubai. Mabaharia wakaja, wakalizunguka, wakasimama. Hakuna aliyeinama. Harufu ilikuwa inawafikia, niliona koo zao zikipanda na kushuka. Wai akasema kitu kwa Kichina na wengine wakaguna. Nilikuwa sijui kwamba kanuni yao ya mgomo ni moja: chakula cha kampuni au cha wakala hakiliwi zaidi ya mgao wa melini. Wao husema hongo huanza na nyama, huishia na saini.

Serahangi Lam akaja. "Nani katuma?"

"Mama yangu."

"Kampuni?"

"Kampuni haina mama."

Akatabasamu kidogo. "Mnyama wa nani?"

Nikamweleza taratibu, kama ninavyokuelezeni. Tumechinja wenyewe, ni ibada, na nyama hugawiwa mafungu: la nyumbani, la jamaa na majirani, la maskini. Akasikiliza kwa makini, akawatarjumia wenzake. Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote hakuna mtu aliyepata kuniuliza.

"Sisi ni fungu gani?"

Juu kule, kwenye roshani ya chumba cha kuongozea meli, kapteni alikuwa amesimama anatazama. Nikisema maskini, nimewatukana. Nikisema jamaa, nimeongopa.

"Majirani," nikasema.

Lam akawatarjumia. Wakazungumza. "Jirani," akaniambia, "huacha sahani akaondoka, au hukaa akala?"

Nikavua viatu nikakaa. Mbele ya kapteni, mbele ya walinzi waliokuwa gatini, wakala akakaa na waliogoma. Khabari hiyo ilifika kwa Bwana Said kabla sijameza tonge la pili, na nilikuja kuisikia baadaye kwa sauti ya Bujumbura yote. Lakini wakati ule nilisema bismillahi, nikamega, na mabaharia wakakaa mmoja mmoja, wakala kwa mkono kama watu waliozaliwa Wadi Bani Khalid. Wai akala mara mbili ya kila mtu, huku akisema hana njaa.

Sasa, hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa huku tu angelifanya. Keung alitokea upande wa mashine, mkononi ana sanduku la vifaa, anapita. Na mimi, sinia liko mbele yangu na mtu anapita, mdomo wangu ukafanya kazi yake bila kuniuliza.

"Karibu! Keung, tfadhal, karibu!"

Mikono yote ikasimama. Wali ukabaki vidoleni. Mpishi akautazama mkono wake kama si wake.

Wai ndiye aliyesema, kwa Kiingereza, ili nielewe: "Mkaribishe na kapteni basi! Tumsogezee kiti!"

"Nyamaza," Lam akamwambia.

"Kwani nimesema uongo, mzee? Anayekula na sisi anagoma na sisi. Si sheria ya baba yako hiyo?"

Keung alikuwa amesimama na sanduku lake. Akamwambia serahangi maneno, taratibu. Mpishi, aliyekuwa kando yangu, akaninong'oneza maana yake: nikikaa hapa simwoni baba. Nisipokaa siwaoni nyinyi. Niambie wewe, serahangi, nifanye nini.

Nilikuwa nimemwona Lam akifunga kamba nene kama paja langu bila kupumua kwa nguvu, na sasa alikuwa anapumua. Akatazama sinia, akatazama nafasi kati yake na Wai, pale ambapo palikuwa pafinyu. Kisha akasogea. Akapiga turubai kwa kiganja.

"Kaa ule," akasema. "Hutagusa winchi. Na utakwenda."

"Atakwendaje?" Wai akauliza. "Kwa kuogelea?"

"Mimi nitazungumza na kapteni."

"Teleksi imesema wote au hakuna!"

"Nimeisoma. Niliisoma mbele yako."

"Chama kitakufuta jina, mzee. Wewe! Mtoto wa baba yako!"

"Baba yangu alikuwa na mdogo wake," Lam akasema. Keung akakaa. Alikula kidogo sana.

Walizozana alasiri yote, kwa Kichina, na mimi nikaondoka, maana jirani ana mpaka wake. Asubuhi Lam alikwenda kwa kapteni, na mimi nilikuwapo chumbani na karatasi zangu za maji.

"Mtu mmoja aende kwao leo," Lam akasema. "Akishaondoka, sisi tutashusha mabomba. Wengine utatupatia watu wa badala bandari ijayo, na mara hii utasema mbele ya wakala."

Kapteni akashangaa. Alikuwa amejiandaa kwa watu wote. "Mmoja? Yupi?"

"Yule wako."

Kapteni akakubali kabla Lam hajakaa. Akasema ahadi yake mbele yangu, na nilimtaka aiseme mara ya pili polepole, kwa sababu wakala anapofanywa shahidi, vijana, asikubali kuwa pambo. Ahadi hiyo aliitimiza, niliihakikisha kwa wakala mwenzangu wa bandari iliyofuata. Lakini siku ile hapakuwa na aliyejua kwamba ataitimiza, na Lam alikuwa amekwisha kuitoa silaha yake ya pekee kwa ajili ya tikiti ya mtu mmoja.

Keung alitumia saa zilizobaki kumfundisha serahangi ile winchi: mahali pa kuiachia, mahali pa kuibembeleza, na sauti inayotoa inapotaka kukuhadaa. Kisha nikamtia garini, tukaenda Seeb, kwenye uwanja wa ndege. Pale Ibra aliniuliza kama tuna wakati wa kumsalimia mama. Hatukuwa nao. Akaniomba nimfikishie salamu, akatikisa mkono hewani, vidole vimeshika kikombe kisichokuwapo.

Mabaharia wawili hawakuukubali uamuzi wa Lam, Wai akiwa mmojawao. Hawakuzuia mtu. Walikaa juu ya kifuniko cha tumbo la pili la meli, mikono wameikunja, migongo yao kwa winchi, na hawakuvaa glavu.

Siku ya pili ya kushusha mabomba ilifika teleksi kutoka Hong Kong. Ilimtaka serahangi Lam asimamishe kazi mara moja, na ikasema kwamba akifika atasimamishwa mbele ya wanachama ajibu, na kwamba jina lake limekwisha kutolewa ubaoni. Asubuhi hiyo hiyo simu ililia afisini, sauti inakwenda na kurudi kama iko ndani ya kisima. Nikachukua teleksi na habari ya simu, nikaenda gatini.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha winchi, kofia ya mkeka kichwani. Bomba lilikuwa linaning'inia katikati, halijafika gatini. Akalisimamisha, akaipokea teleksi, akaisoma mpaka mwisho. Hakuikunja. Akanirejeshea.

"Na Keung?"

"Amepiga simu. Amemkuta."

"Yuko macho?"

"Yuko macho. Amesema baba alimjua."

Akaitikia kwa kichwa. Akapangusa mikono yake kwenye suruali, mmoja kisha wa pili.

"Wanangojea jibu," nikamwambia.

"Waandikie serahangi yuko kwenye winchi. Mabomba yakisha, atakuja mwenyewe wamseme."

Akavuta mkono wa winchi. Bomba likatikisika, likaanza kuzunguka upande ambao halikutakiwa, kichwa chake kinaelekea kwenye kibanda cha makuli, na mzee akawa anatafuta ile nafasi ya kulibembeleza haipati. Makuli wakatawanyika. Ndipo kule juu ya kifuniko Wai, ambaye alikuwa hafanyi kazi, alipogeuka, akaruka kwa miguu yote miwili, akapaza sauti:

"Kushoto, mzee! Legeza! Kushoto!"